Bangili Nne na Gari la Haibridi

 

Juma mbili zilizopita, ilipomalizika darsa ya akina mama ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma hata wenziwe wakaondoka wote. Swali lake lilihusu gari, lakini hakulianza na gari. Alilianza na dhahabu. Ana bangili nne alizoachiwa na marehemu mamake. Mumewe ameweka akiba kwa miaka mitatu, pesa zimekaribia kutosha, na bangili hizo zikiuzwa zitaziba pengo lililobaki. Wanalolitaka ni moja katika yale magari madogo yaliyoinuka, yaliyotumika, yanayokwenda kwa petroli na umeme pamoja, ambayo siku hizi yamejaa katika kila mtaa wa Mombasa na watu huyaita haibridi. Shemejiye amemtisha: betri ya gari kama hilo ikifa, gharama yake ni msiba. Basi akatuuliza mambo matatu kwa pumzi moja. "Sheikh, tununue au tuache? Betri ikifa, hasara ni ya nani? Na bangili zangu zitakuwa zimekwenda wapi?"

Tulimjibu kwa ufupi, kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Lakini swali hilo si lake peke yake, na kwa idhini yake tunalijibu hapa kwa urefu. Sisi si mafundi wa magari. Ila nyumbani kwetu tunalo gari la namna hiyo, huu ni mwaka wa nne, na mengi tunayoyasema tumejifunza kwa mfuko wetu.

Kwanza ifahamike gari hili ni kitu gani, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Lina injini ya petroli ya kawaida, na pamoja nayo lina mota ya umeme. Mota hiyo hula umeme wa betri kubwa iliyofichwa nyuma, chini ya kiti cha abiria au chini ya sakafu ya buti. Haya ya kawaida hayachomekwi ukutani. Betri hujazwa na injini yenyewe, na hujazwa pia kila unapopunguza mwendo, kwani mota hugeuka jenereta, na nguvu ambayo katika gari jingine hupotea bure kwa joto la breki hurudi ikawekwa akiba. Si uzushi wa jana. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi wa Disemba 1997.

Kwa hiyo gari hili hustarehe pale ambapo mengine huteseka. Foleni ya kivuko cha Likoni, Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni, Changamwe siku yoyote: hapo injini hujizima, gari likasogea kwa umeme kimya kimya, na kiyoyozi kikaendelea kupuliza, kwa kuwa katika mengi ya magari haya kiyoyozi nacho huendeshwa na umeme. Lakini mwenye kulitoa gari siku ya Jumamosi tu, akashika barabara ya Malindi kwa mwendo mmoja, kisha akaliegesha mpaka Jumamosi nyingine, huyo faida yake ni ndogo, na pengine gari la kawaida lingemfaa zaidi na kumgharimu kichache.

Sasa tupige hesabu, kama tulivyompigia mama yule nyuma ya karatasi ya darsa. Tuchukulie familia inakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa za mjini. Gari la kawaida lenye kwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 83. La haibridi lenye kwenda kilomita 18 kwa lita litakunywa lita 56 hivi. Lita ikiwa shilingi 180, tofauti ni kama shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Mama akafurahi. Hapo ndipo tulipomzuia, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojidanganya.

Pesa hiyo si faida yote. Sehemu yake ni deni, na anayedai ni betri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kwa kuwa gari kuukuu ni rahisi, mengi hushuka Kilindini yakiwa karibu na mpaka huo. Maana yake betri imekwisha kula miaka sita au saba ya umri wake huko ilikotoka, na dhamana ya kiwandani haikufuati hadi Kisauni. Huenda ikadumu miaka mingine mingi, na huenda isidumu. Basi kabla ya kununua gari, ulizeni bei ya betri yake kwa mafundi wawili tofauti, muulize pia ni mpya au ni ya kutolewa kwenye gari jingine, na fundi ataidhamini kwa muda gani kwa maandishi. Tuseme wametaja laki mbili. Ile akiba ya mafuta ya shilingi 5,000 kwa mwezi itailipa kwa miezi 40, kwa sharti kwamba haikuliwa. Nyumbani kwetu tuna kibubu cha betri. Mama watoto ndiye mwenye kukishika, maana sisi tulipokishika mara ya kwanza kilivunjwa kwa ajili ya karamu ya akika.

Kuna jambo la kati ambalo mafundi watakushauri: betri haifi yote kwa mara moja, ni seli moja au mbili, zibadilishwe hizo tu. Ni kweli, na ni rahisi. Ila seli mpya miongoni mwa zilizochoka ni kama kiraka kipya kwenye leso kuukuu, kiraka hubaki na pembeni yake hupasuka. Kama shida ni ya leo na mfuko hauruhusu, fanyeni, lakini kibubu kiendelee kutiwa.

Ama aina ya gari, yaliyo mengi mitaani kwetu ni Honda Vezel na Toyota C-HR, na hayo mawili hayafanani ndani ijapokuwa yanafanana nje. Vezel ya kwanza, iliyotoka mwishoni mwa 2013, ina injini ya lita moja na nusu na giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili. Giaboksi hiyo ni nyepesi barabarani, lakini haipendi kutambaa hatua kwa hatua kwenye mlima wenye foleni, kwani hupata joto. Programu ya kuiongoza ilileta taabu mwanzoni, hata magari yakaitwa kurudishwa huko Japani mara kadhaa, na mwaka 2014 wakuu wa kampuni wakakubali kukatwa mishahara kwa sababu hiyo. Anayenunua ya miaka ile ya mwanzo na aulize kama marekebisho hayo yalifanywa. C-HR ya haibridi, iliyotoka mwishoni mwa 2016, ina injini ya lita 1.8, na haina gia za kubadilishana kama ile. Mtambo wake ni uleule uliojaribiwa katika Prius. Kwa uvumilivu wa mtambo tungeipendelea hiyo. Lakini mwenye watoto wanne na aikalie kwanza kiti cha nyuma: madirisha ni membamba, ndani kuna giza, na mtoto mwenye kichefuchefu hatakushukuru. Vezel ni pana zaidi, na kiti chake cha nyuma huinuliwa juu ukapata mahali pa kusimamisha ndoo ya maji au kapu la soko. Yote mawili mshikio wa mlango wa nyuma umewekwa juu karibu na kioo, mtoto wa miaka sita haufikii. Wauzaji huusifia kwa urembo. Wajukuu wetu wana maoni mengine.

Tuje kwenye jambo lililotufanya tuchukue kalamu.

Wafugaji wa zamani walikuwa na hila. Mtu akitaka kumuuza mbuzi wake, humwacha siku mbili au tatu bila kumkamua, kiwele kikajaa kikavimba, mnunuzi akikiona hudhani amepata mbuzi wa maziwa mengi. Akimfikisha nyumbani na kumkamua mara moja, siku ya pili hapati kitu. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliikataza hila hiyo, na akampa mnunuzi hiyari: akitaka abaki na mnyama, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyanywa. Vitabu vya fiqhi tulivyovisoma madrasa vimeliweka suala hili katika mlango wa biashara, na tulipokuwa wanafunzi tulidhani ni habari za watu wa majangwani. Leo kiwele hicho kimo ndani ya dashibodi.

Kijana mmoja wa msikiti wetu alinunua gari la haibridi kutoka yadi moja mjini. Siku ya kulijaribu, taa zote za onyo zilikuwa zimezima, na mita ilisoma kilomita elfu sitini na kitu. Siku ya tatu, akiwa njiani kumpeleka mkewe kliniki, taa nyekundu ikawaka na gari likakosa nguvu. Fundi alipochomeka kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, alikuta kwamba kumbukumbu ya makosa ilikuwa imefutwa siku chache zilizopita. Betri ilikuwa inajulikana kuwa mgonjwa. Walichofanya ni kumfuta mgonjwa jasho kabla wageni hawajaingia.

Hila hii ina dawa, na dawa yenyewe haigharimu sana. Nenda na fundi wako, si fundi wa yadi, naye awe na kifaa kinachoweza kuisoma betri kubwa seli kwa seli, si taa za onyo pekee. Kompyuta ya gari iliyofutwa karibuni hujionyesha: vipimo vyake vya ndani huwa havijakamilika, na fundi anayejua huliona hilo kwa dakika moja. Kisha gari liendeshwe si chini ya nusu saa, mjini na mlimani, kiyoyozi kikiwaka, huku fundi akitazama kama seli zote zinapanda na kushuka kwa pamoja. Seli inayotangulia wenziwe kushuka ndiyo itakayokutia hasarani. Muuzaji akisema hakuna haja ya yote hayo, mshukuru na uondoke.

Kama gari limetoka Japani moja kwa moja, mara nyingi lilipita mnadani, na mnada huwa na karatasi yake ya ukaguzi: alama ya hali ya gari, kilomita zake, na mchoro wa kila mkwaruzo. Iombe. Herufi R mahali pa alama huonyesha gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Linganisha namba ya chesisi na kilomita zilizomo na zile za kwenye mita. Na inua zulia la buti na la chini ya viti. Kutu au matope mahali pasipofikiwa na mvua ni dalili ya gari lililozama, na gari la umeme lililozama halifai hata kwa bure.

Maneno ya "nimekuuzia kama lilivyo" tunayasikia kila siku, na wengi hudhani yanamaliza mambo. Hayamalizi. Muuzaji aliyeijua kasoro akaificha hakingwi na maneno hayo, dhima ni yake, na mnunuzi ana haki ya kurudisha. Lakini mnunuzi naye ana wajibu ambao watu hawaujui, na ndio uliomponza kijana wetu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ukiigundua kasoro ya zamani huna ruhusa ya kukawia. Unatakiwa kumjulisha muuzaji mara moja na kuacha kulitumia gari. Yeye aliendelea kuliendesha majuma matano, akilifuta lile onyo kwa kifaa alichoazima, kisha ndipo akaja na madai. Tulikaa na wale watu wa yadi mara mbili. Walikubali kuchangia nusu ya bei ya seli, kwa suluhu, si kwa hukumu. Lau angekuja siku ile ile ya taa, mazungumzo yangekuwa mengine.

Baada ya kununua, gari hili huhitaji matunzo machache ambayo mengi yake yako mikononi mwa wanaolipanda, yaani akina mama na watoto. Sisi tulijifunza moja kwa aibu. Mwaka jana, tukiwa kwenye foleni ya feri na jua la saa saba, feni ilianza kuvuma nyuma kwa sauti, kisha onyo likawaka. Tulikwisha kuanza kulihesabia kibubu. Fundi aliondoa kifuniko kidogo kilichoko ubavuni mwa kiti cha nyuma, akatoa chujio lililojaa mchanga wa pwani, nyuzi za leso na makombo ya biskuti za mjukuu. Betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia tundu lile, na sisi tulikuwa tumelipanga mikoba na mitandio juu yake miezi yote. Kulisafisha kulichukua robo saa. Tangu hapo hakiwekwi kitu pale, na chujio husafishwa kila linapobadilishwa oili. Kwetu sisi wa pwani, wenye mchanga na joto la mwaka mzima, jambo hili ni kubwa kuliko linavyoandikwa katika vijitabu vya Japani. Na gari liegeshwe kivulini, hata kama ni chini ya mkungu wa jirani.

La pili ni la usalama, na tunaomba lisomwe mara mbili. Gari hili likiwa limewashwa huweza kuwa kimya kabisa. Mtu hudhani limezima, akashuka na mtoto akabaki ndani akichezea vitu, au mtoto akawa nyuma yake uani asisikie kitu likirudi nyuma. Kwenye dashibodi hutokea neno READY likiwa limewashwa. Usishuke mpaka umeliona neno hilo limetoweka. Wafundisheni na wasichana wa kazi, na wafundisheni watoto kwamba gari lisilo na sauti si lazima liwe limelala.

Waya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Asiziguse mtu asiyesomea kazi hiyo, na gari likizama kwenye maji ya masika au likigongwa, msizikaribie. Fundi wa mtaani aliyekutengenezea gari lako la zamani kwa miaka kumi anaweza kubadilisha oili, breki na matairi bila tatizo, na breki zenyewe hukaa muda mrefu kwa kuwa mota husaidia kulipunguza mwendo. Lakini akifika kwenye chungwa, mwambieni ahsante.

Na kwa dada zetu ambao waume zao wako Ghuba kikazi, gari likikaa uani miezi mitatu likingoja kurudi kwa bwana, litamsubiri likiwa limekufa. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni ile betri ndogo ya kawaida, ambayo ndiyo inayoiamsha kompyuta. Isipokuwa na nguvu, gari lote ni bubu, na watu hudhani ni ile kubwa. Wengi wameuziwa betri kubwa kwa ugonjwa wa ndogo. Liendesheni nusu saa kila juma.

Kuhusu mkopo tuseme kwa uchache. Wa riba haufai, na hilo halina mjadala katika ukurasa huu. Kwa njia ya murabaha, tazameni kwamba benki imelimiliki gari kwanza ndipo ikawauzia kwa faida inayotajwa. Kama karatasi zote zinaonyesha tu kwamba mmepewa pesa mkanunue, jina la Kiarabu juu ya fomu halibadilishi kitu.

Sasa turudi kwenye bangili. Mali ya mke ni ya mke. Mume hana haki nayo kwa kuwa ni mume, na kumtunza mke na watoto ni wajibu wake yeye, si wa bangili. Akitoa dhahabu yake kwa ajili ya gari, kuna njia tatu, na kila moja ina hukumu yake: ni zawadi, au ni mkopo, au ni ushirika. Zawadi ikishakabidhiwa imekwenda. Mkopo hulipwa kamili hata kama gari limeungua. Ushirika ni fungu: gari likipanda bei au likishuka, betri ikifa au ikidumu, wote wawili wamo kwa kiasi walichotia, na gari likiuzwa naye anachukua fungu lake. Mume akitangulia mbele ya haki, fungu hilo halimo katika mirathi yake, wala shemeji hana la kusema juu yake. Tumeketi katika mirathi zaidi ya moja ambazo mjane alilia kwa kuwa logbuku ilikuwa na jina moja, na ushahidi wa dhahabu yake ulikuwa ni sonara aliyekwisha kufa.

Kwa hiyo tulimwambia mama yule: chagueni moja kabla bangili haijafika kwa sonara, iandikwe, waitwe mashahidi wawili, na bei ya sonara ya siku hiyo iwekwe kwenye karatasi pamoja na risiti.

Alhamisi iliyopita alirudi, akiwa na mumewe. Bwana alikuwa amenuna kidogo, akasema kwa miaka kumi na saba hawajawahi kuandikiana. Tukamwambia pia hawajawahi kununua gari. Akacheka. Wamechagua ushirika, theluthi moja ni yake mama, na karatasi ipo kwetu kwa amana. Bangili mbili zimeuzwa, mbili zimebaki mkononi mwake, kwa kuwa bwana ameona ni heri asubiri miezi minne zaidi na anunue la mwaka wa karibu. Gari la kwanza walilolipeleka kwa fundi wiki hii lilikuwa na seli mbili zilizochoka na kumbukumbu iliyofutwa. La pili watalitazama Jumapili, inshaAllah, na mama amesema yeye ndiye atakayekaa kiti cha nyuma.

Wallahu aalam.